Mficha Uchi Hazai, Lakini Nani Yuko Dirishani?

Haya juu ya bangi niliyasema mbele ya wazazi, waendeshaji boda boda, vijana wa ufuoni na wauguzi wenzangu hapa Malindi. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyatamka, ila nimeruka pale nilipokohoa na pale mlipocheka.

Assalamu aleikum. Bwana asifiwe. Hamjambo wazee wangu, hamjambo kina mama, na nyinyi mlioegesha pikipiki nje mkasimama mlangoni kama watu wa kutoka wakati wowote. Ingieni, viti vipo. Sikuja na askari.

Nimeombwa nizungumze juu ya bangi na afya. Mimi ni muuguzi, mwaka wa 27 huu, na mingi katika hiyo nimezalisha. Basi nianze na methali ya wodi yangu. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Kila mmoja hapa anaijua, na kila anayeitumia humnyoshea kidole anayeficha. Sijapata kusikia mtu akiuliza: je, mkunga alikuwa amefunga mlango? Maana kama dirisha liko wazi na majirani wamejipanga wanachungulia, mja mzito hatavua. Atakwenda kujifungulia kwao, gizani, na likimfika la kumfika tutasema alificha.

Mtu anayevuta bangi kila siku akija hospitali, hivyo ndivyo tunavyomfanyia. Hilo ndilo lililonileta.

Niwape kisa. Kijana wa boda boda, miaka 24, aliletwa na mamake kwenye kituo nilichokuwa nikifanya kazi wakati huo. Anatapika. Si kutapika kwa jana na leo, miezi minne. Akiamka alfajiri kichefuchefu, anatapika mpaka hatoki kitu ila maji ya manjano, tumbo limemkaza kama ngoma. Daftari lake, lile la shule ambalo sote tunakwenda nalo hospitali, lilikuwa limejaa. Malaria. Malaria tena. Taifodi. Vidonda vya tumbo, vidonge vya asidi wiki sita. Taifodi ya pili. Picha ya tumbo, haikuonyesha kitu. Na yale yasiyoandikwa daftarini: mganga aliyesema ni jini la baharini, na mbuzi aliyenunuliwa kwa ajili ya jini huyo.

Mimi namtafuta mshipa nimtie maji, mama anasema peke yake kwa uchovu: "Na makaa yananiishia kwa sababu yake. Kutwa mara nne anataka maji ya moto ya kuoga. Ya moto, sista, kaskazi hii!"

Mkono wangu ulisimama. Mwezi wa Machi, Malindi, jua la saa saba, sote tunatafuta kivuli cha mwembe, na mtu anajifungia bafuni na ndoo inayofuka mvuke, akisema hapo tu ndipo tumbo linapomtulia.

Habari hiyo nilikuwa nimeisoma. Mwaka 2004 madaktari wa Australia, huko vilima vya Adelaide, waliandika juu ya wagonjwa wao waliovuta bangi kwa miaka, wakawa wanatapika kwa vipindi na kuoga maji ya moto mara kwa mara bila kuelewa kwa nini. Nikamwomba mama akaninunulie chai nje. Nikavuta pazia. Nikamwinamia kijana: "Mwanangu, unavuta?"

Akautazama mlango. "Sista, nisitiri."

"Nimekusitiri."

"Misokoto mitano kwa siku. Saa nyingine sita. Tangu niko darasa la nane."

Hesabuni nanyi. Miezi minne, watu watano wenye koti jeupe, na hakuna aliyemuuliza kwa namna ya kujibika. Baadaye aliniambia kuna mmoja alimuuliza. Palepale kwenye foleni, kwa sauti: "We kijana, unatumia bangi wewe?" Mamake yuko ubavuni. Akaapa haki ya Mungu hajawahi. Wewe ungejibuje?

Ubaya wa ugonjwa huu ni kwamba unamdanganya mwenyewe. Bangi inajulikana kwa kutuliza kichefuchefu, na si uongo. Zipo dawa zilizotengenezwa kwa kufuata kemikali yake, wanazopewa wagonjwa wa saratani wanaotapika kwa ajili ya matibabu. Basi huyu akihisi kichefuchefu anafanya nini? Anawasha msokoto. Anamwagia moto mafuta ya taa akidhani ni maji. Dawa za kawaida za kuzuia kutapika hazimsaidii sana. Hospitali nyingine hupaka tumboni krimu iliyotengenezwa kwa kiini cha pilipili, naam, pilipili hii ya achari, na hutuliza. Maji ya mshipa ni lazima, kwa sababu aliyetapika siku tatu amekaukiwa na figo zinaweza kuumia. Lakini kinachoponya ni kuacha. Kijana wetu aliacha, na kabla mwezi kwisha alikuwa anakula pilau. Siku ya Idi akajaribu tena kidogo na wenzake. Haikuchukua muda akarudi kwangu na ndoo.

Sasa wazee, najua mlikuja kusikia habari ya wazimu. Nitasema ukweli wote, hata ule usiomfaa mhubiri.

Wengi wanaovuta hawapatwi na wazimu. Vijana wanalijua hilo, wanaona wazee wao wamevuta miaka 30 na bado wanashona nyavu. Ukiwaambia msokoto mmoja na akili imekwenda, watakucheka, na hata lile la kweli hawatalisikia tena. La kweli ni hili. Sweden walifuatilia vijana zaidi ya 45,000 waliosajiliwa jeshini mwishoni mwa miaka ya 1960, wakawatazama kwa miaka 15. Matokeo yalitoka 1987: waliokuwa wamevuta zaidi ya mara 50 waliugua skizofrenia, ule ugonjwa wa akili wa kusikia na kuona yasiyokuwepo, mara 6 zaidi ya wasiovuta. Mwaka 2019 ukatoka utafiti mwingine, wa miji ya Ulaya pamoja na Brazili. Anayevuta kila siku, uwezekano wa kuchanganyikiwa akili ni mara 3 ya asiyevuta. Na akivuta kila siku ile kali, unakaribia mara 5. Kali maana yake ina THC nyingi, ile kemikali inayoleta stimu. Na hapa kwetu nani anaipima? Muuzaji atakuapia ni ya Shashamane, Ethiopia, mara ni ya shamba, na wewe huna mizani ila kichwa chako.

Kwa hivyo kama kwenu kuna ndugu aliyewahi kusikia sauti zisizokuwepo, wewe hii kitu usiiguse. Kama ulishawahi kuvuta ukaanza kuona watu wanakusema, wanakufuata, usijiambie ni stimu mbaya ya siku moja. Na kama una miaka 15, ubongo wako bado unajengwa, usimpe fundi bangi kazini.

Uraibu nao upo, hata kama maskani wanasema majani hayashiki mtu. Makadirio yanayotumika sana ni kwamba karibu mmoja kati ya 10 waliowahi kuonja hunaswa, na kwa walioanza ujanani ni mmoja kati ya 6. Kwetu Kenya, uchunguzi wa NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na mihadarati, wa mwaka 2022 ulikuta mmoja kati ya kila watu 53 wenye umri wa miaka 15 hadi 65 anatumia bangi. Ukumbi huu umejaa. Sitahesabu.

Kuna jambo dogo linalonikera kuliko hata wazimu, kwa sababu ni rahisi kuliepuka. Nusu kaputi. Nyinyi wa boda boda mnajua safari ya kwenda chumba cha upasuaji. Barabara hii ya Mombasa haimwachi mtu. Mvutaji wa kila siku mara nyingi huhitaji dawa ya usingizi nyingi kuliko mwenzake, moyo wake unaweza kwenda mbio, na baada ya upasuaji maumivu humzidi. Kama umevuta muda mfupi kabla, upasuaji usio wa dharura unapaswa usubiri, angalau saa 2. Anayekulaza anataka kujua hayo ili akulaze vizuri na akuamshe. Hana haja ya kujua umenunua kwa nani.

Na hapa nikiri langu. Niliwahi kuipokea kadi ya mgonjwa ambayo juu ya jina lake mtu alikuwa ameandika BANGI, herufi kubwa, kalamu nyekundu. Kijana alikuwa amevunjika mguu. Kila zamu iliyoshika kadi ile ilimtazama kwa jicho la kalamu ile. Usiku alilia maumivu, na mimi, mimi niliyesimama hapa, nilisema, "Hiyo ni arosto tu, mwili unadai bangi, itapita." Asubuhi daktari alipofungua bendeji, mguu ulikuwa umevimba hadi ngozi inang'aa. Plasta ilimbana. Kijana hakuukosa mguu, alhamdulillahi. Lakini alisema kweli, nikamsikiliza kwa masikio ya kalamu nyekundu. Mnaponiuliza kwa nini vijana hawasemi, najua jibu, nililiandika pamoja na wenzangu.

Kikohozi. Nitakipita haraka lakini msikilize. Moshi wa bangi una lami kama wa sigara, na wengi huchanganya na tumbaku, kwa hivyo mvutaji hukohoa na kutoa makohozi, hilo halishangazi. Tatizo ni kwamba kikohozi chake kimepata jina kabla ya kupimwa. "Ni moshi." TB inakuja inajificha nyuma ya jina hilo. Mmekaa watu sita kwenye chumba kisicho na dirisha, msokoto mmoja unazunguka mdomo kwa mdomo, mmoja anakohoa kifua hiki cha ndani. Ukikohoa wiki 2, njoo upimwe makohozi. Matibabu ya TB katika vituo vya serikali ni bure.

Na wazee wenzangu wa presha, mnaovuta kimya kimya mkisema ni ya usingizi: bangi huupandisha moyo mbio, hasa saa ya kwanza. Anayekunywa warfarini ya kuyeyusha damu na akawa anavuta, damu inaweza kuwa nyepesi kupita kiasi. Mwambie daktari. Kina mama wajawazito, mtoto anaweza kuzaliwa na uzito mdogo. Hata kama kichefuchefu cha asubuhi kinakutesa, njoo kliniki, ziko dawa zake.

Sasa twende penye mlango wenyewe. Kijana ameamua kutafuta msaada, anakwenda wapi?

Malindi imeijua heroini tangu miaka ya 1980, na kwa msiba huo tumejifunza kitu. Tangu 2015 hospitali yetu ya kaunti ndogo inatoa methadoni, dawa ya kunywa anayopewa mraibu badala ya heroini. Watu waliokuwa tukiwaita mateja, wakilala chini ya mikorosho, leo wanakunywa dozi yao asubuhi na kwenda kazini. Naijivunia kazi hiyo. Lakini methadoni ni ya unga, yaani heroini. Inakaa pale unga unapokaa mwilini. Bangi inakaa kwingine kabisa. Hakuna methadoni ya bangi, wala hakuna kidonge kilichoidhinishwa kumwachisha mtu bangi. Kijana mmoja aliniuliza, na hakuwa anatania: "Sista, nikisema natumia unga, nitapokewa?" Nikafikiria mji ambao mtu anaona afadhali ajisingizie unga ili apate wa kuongea naye. Na wako waliokwisha kuuchanganya msokoto na unga, wakidhani wanavuta bangi tu. Huyo naye ana haki ya kuambiwa ni nini anachovuta.

Anachohitaji wa bangi ni mazungumzo. Mshauri nasaha aliyesomea kazi yake, kila wiki, kwa miezi kadhaa. Kumsaidia aone mwenyewe anapata nini na anapoteza nini, ajue saa zake mbaya, abadilishe njia ya kurudi nyumbani isipite maskani. Wengi hawahitaji kufungiwa mahali. Nalisema hili kwa sababu nimeona mama akiuza shamba kumlipia mwanawe rehabu ya miezi mitatu, na alichohitaji ni viti viwili na mtu mwenye subira. Akili ikishachanganyikiwa ni jambo jingine, hapo inatakiwa hospitali yenye kitengo cha akili, na kwa wengi wetu safari hiyo ni ya Port Reitz, Mombasa, karibu kilomita 120 na mgonjwa asiyetaka kupanda matatu.

Mwezi wa Mei 2024 kaunti yetu ya Kilifi na Mombasa zilipiga marufuku muguka, yale majani ya kutafuna jamii ya miraa, mkakumbuka kelele zile, mahakama, redio kutwa. Mimi sikuandamana upande wowote. Nilijiuliza tu: bangi imepigwa marufuku siku zote, sheria ya mihadarati ni ya mwaka 1994, na mtoto wa darasa la nane bado aliipata. Amri haikaliwi kama kiti cha mshauri.

Mnauliza, na mama mmoja hapa mbele ameniandikia kikaratasi: "Nikimleta, atashikwa?" Mama, bangi ni kosa kwa sheria ya Kenya, sikufichi. Lakini Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya afya, na inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 inanifunga mimi mdomo: habari za mgonjwa ni siri, isipokuwa yeye akubali kwa maandishi, mahakama iamuru, au kuzificha kuhatarishe afya ya umma. Msokoto wa mwanao hauhatarishi afya ya umma. Kazi yangu ni mshipa na bandeji, pingu si zangu. Na mjisajili SHA, bima ya afya ya serikali, ambayo ilichukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024. Usajili haulipishwi, unabonyeza *147#. Huduma za zahanati zimo humo. Usingoje siku ya ajali.

Mwanao akiacha, wiki ya kwanza atakuwa mbogo. Hatalala. Akilala ataota ndoto kama sinema, aamke shuka limelowa jasho. Chakula hakimpiti. Atafoka kwa sababu mlango umegongwa. Huanza siku ya kwanza au ya pili, hukaza ndani ya wiki hiyo, halafu hupungua. Kwa wengi wiki mbili tatu yamekwisha, usingizi ndio huchelewa. Usimwambie "si ulisema umeacha, mbona umekuwa mkali." Mwachie uji wa mtama mezani, zima redio. Na akipimwa mkojo kazini wiki ya tatu ukaonyesha bangi, msimwite mwongo: kemikali yake hukaa kwenye mafuta ya mwili, na kwa mvutaji wa kila siku huweza kuonekana mwezi mzima baada ya kuacha.

Wauguzi wenzangu, nyinyi niliwaacha mwisho kwa sababu mnanijua. Vuta pazia kwanza. Kama hakuna pazia, mtume jamaa yake akalete kitu. Chai hainiishi mimi. Usiulize kama hakimu. Sema: "Wengi wanaokuja hapa hutafuna, huvuta sigara, huvuta bangi. Wewe ni kipi, na mara ngapi kwa siku?" Ukiuliza hivyo, jibu la aibu linakuwa jibu la kawaida. Akikujibu, usitoe macho. Andika kiasi na tangu lini, kwa kalamu ileile uliyoandikia joto la mwili, ndani ya faili, si juu ya jina. Na ukishajua, bado umpime malaria. Mvuta bangi naye huumwa na mbu.

Nambari ya NACADA ni 1192, kupiga ni bure, kama mtu hataki uso wake uonekane. Anayetaka uso kwa uso, mimi nitakaa pale nyuma ya jengo, chini ya mwarobaini, hadi adhana ya alasiri. Viti ni viwili. Daftari nimeliacha nyumbani.